Risasi za Lumbesa

Jamani, nimerudi nyumbani mzima, bunduki ninayo, na aibu ninayo. Acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa video. Kuna mtu alikuwa anarekodi. Namjua.

Wengi mnanijua kwa viazi. Nauza jumla hapa Iringa. Wachache mnajua kwamba Jumapili huwa naenda kulenga sahani. Ule mchezo wa sahani za udongo: mashine inarusha kisahani angani, wewe unakipasua kwa shotigani kabla hakijatua. (Kibali ninacho. Msianze.) Nilianza kwa kufukuza nguruwe pori shambani, enzi za marehemu mume wangu, nikanogewa. Sasa nimo timu ya Iringa, watu sita, mwanamke peke yangu.

Shida yangu ni bega. Mwaka jana niliteleza kwenye lori la viazi, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Binti yangu Rukia ni nesi, tunaishi wote Kihesa, na ndiye aliyenivisha na kunilisha miezi miwili kama mtoto. Nilipopona akatoa sharti moja tu.

"Mama, utapiga risasi laini. Siku nikikuta bega limevilia damu, bunduki tunairudisha polisi. Na sitaki kilio."

Rukia hatanii. Madereva wa malori, watu wazima na ndevu zao, wanamwamkia shikamoo akishika sindano.

Mwalimu wetu wa kulenga, Mzee Kalinga, naye alishanifundisha kununua. "Mama Rukia, angalia gramu kwenye boksi. Hizo gramu ni uzito wa marisau, vile vipunje vilivyomo ndani. Vikizidi uzito, bunduki inakupiga teke. Yako yenyewe ni nyepesi, ndiyo kabisa. Chukua ishirini na nne. Kile ni kisahani, siyo nguruwe."

Nikaelewa. Nikaitikia. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Leo asubuhi nikaingia dukani mjini, kibali mkononi, kichwani nina neno moja: ishirini na nne. Muuzaji akaniwekea maboksi mawili kaunta. Jekundu, gramu ishirini na nne. La kijani, gramu thelathini na sita.

"Bei?" nikauliza.

"Bei moja, mama."

Bei moja! Jamani, mimi nimefanya biashara ya viazi miaka ishirini na mbili. Mimi ndiye ninayesimama shambani kwa mkulima nasema ongeza, ongeza, kilemba hakijakaa, mpaka gunia linafungwa kwa kamba za juu. (Lumbesa imekatazwa, najua. Nimesema msianze.) Leo mtu ananiambia thelathini na sita na ishirini na nne ni bei moja, halafu nichukue ishirini na nne? Nikienda sokoni nitawaambia nini wenzangu?

Mkono ukaenda kwenye kijani. Wenyewe.

"Mama, hizo ni za nguruwe," muuzaji akasema. "Zina teke."

"Teke unapigwa wewe? Haya, na nyongeza niwekee mbili."

"Nyongeza? Mama, hizi zinahesabiwa, zinaandikwa kwenye kibali. Hapa hakuna nyongeza."

Nikasonya kidogo. Lakini rohoni nilikuwa nimefurahi. Nilishapiga hesabu yangu: vipunje vikiwa vingi, kisahani kitakwepa wapi? Bega je? Bega nitalifanyia maarifa.

Maarifa yenyewe yalikuwa mawili. La kwanza, nikamwomba muuzaji boksi jekundu tupu, nikahamishia risasi zangu humo ili Rukia akikagua asome ishirini na nne. (Nitatubu.) La pili, nikapita nyumbani nikachukua kale kamto kadogo ka kwenye kochi, nikakasokomeza ndani ya koti, begani. Nikajitazama kwenye kioo. Bega moja lilikuwa juu kuliko lingine, ila nikasema watu watadhani ni baridi.

Mashindano yalikuwa kwenye shamba moja nje ya mji. Timu ya Mbeya walishafika tangu jana. Rukia alikuja moja kwa moja kutoka zamu, hajalala, na kitu cha kwanza akaomba boksi. Akasoma. Akanikumbatia.

"Ishirini na nne. Mama yangu jamani, leo umenisikiliza."

Hapo nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini akaja Baba Tumaini, mfanyabiashara wa mchele wa Igawa, nguzo ya timu ya Mbeya, mdomo kama cherehani.

"Mama Rukia! Umekuja kulenga au umetuletea chipsi?"

"Nimekuja kuwarudisha Mbeya na magunia matupu!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Baada ya maneno kama hayo utaanzaje kuungama?

Nikaitwa wa kwanza. Nikasimama mstarini, nikaweka risasi, nikakaza kitako cha bunduki kwenye kamto kangu. Mzee Kalinga amesimama nyuma yangu kama kawaida yake. Nikapaza sauti: "Rusha!"

Kisahani kikaruka. Nikafyatua.

Mama yangu mzazi!

Sijui niwaelezeje. Punda aliyekasirika ana nafuu. Nilirudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu nikaikosa, nikakaa chini kwenye tope, pwaa! Bunduki Mzee Kalinga aliidaka mdomo ukiwa bado unaangalia juu, Mungu ambariki. Kisahani kikaenda zake kikatua kwenye majani polepole, kizima kabisa, bila hata mkwaruzo.

Na kamto? Kifungo cha koti kilikatika, kamto kakachomoka, kakajiviringisha mpaka katikati ya uwanja, kakalala chali. Ni kale kenye foronya niliyodarizi mwenyewe, maua mekundu pembeni na maandishi makubwa katikati. Baba Tumaini akasogea. Akainama. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo la msiba:

"LALA SALAMA."

Aisee. Watu walicheka mpaka mmoja wa kwetu, wa timu yangu mwenyewe, akashika mti.

Ningekuwa na bahati yangeishia hapo. Lakini refa, dada mmoja mwembamba wa Njombe asiyecheka, hakuwa anaangalia mto. Alikuwa ameokota ganda la risasi yangu. Akaligeuza. Akachukua boksi langu jekundu. Akaangalia ganda tena.

"Mama, boksi linasema ishirini na nne. Ganda linasema thelathini na sita. Hapa mwisho ni ishirini na nane. Umebadilisha boksi?"

Kicheko kikakatika. Nikamwona Rukia. Alinitazama tu, na macho yake mekundu ya kukesha, na mimi nikiwa bado nimekaa kwenye tope nikajiona mdogo jamani. Bunduki niliiona inaondoka. Timu yangu nao niliwaona wanatolewa kwa udanganyifu, kwa ajili yangu.

"Nimebadilisha," nikasema. "Nilikuwa namficha binti yangu."

"Kwa nini sasa ukanunua hizi?"

Nilitafuta sababu ya maana. Nikakosa.

"Bei ilikuwa moja."

Nilidhani watacheka tena. Hakuna aliyecheka. Wote pale ni watu wa mahindi, mchele, mbao na viazi. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Refa naye siyo mjinga, akashtuka.

"Kila mtu atoe risasi zake mezani. Sasa hivi."

Weee! Watu kumi na wawili, wanne tulikuwa na mzigo uleule, mimi nikiwemo. Wa mwisho kutoa alikuwa Baba Tumaini, mchele wa Igawa, msomaji wa mito. Alizitoa moja moja, jasho linamtoka kwenye baridi ya Iringa. Gramu thelathini na sita tupu.

"Na wewe kwa nini?" refa akamuuliza.

Akajikohoza. "Walisema bei moja, dada."

Jamani, pumzi niliyoshusha! Nilicheka mimi wa kwanza, palepale kwenye tope. Refa akashika kiuno, akaangalia mbinguni, akasema akitufukuza wote wanne hana mashindano. Akatupa adhabu: risasi ya kwanza ya kila mmoja wetu ni sifuri, na mimi juu yake nimwombe binti yangu msamaha mbele ya watu. Nikaomba. Rukia akaitikia kwa kichwa, uso haujalainika.

Mzee Kalinga akafungua gari lake, akatugawia za ishirini na nne huku anasonya kwa kila mtu. Na hapo ndipo nilipojijua ujinga wangu. Ile risasi ni laini! Inakugusa tu begani, kama mtu anakuita kwa upole. Visahani vilipasuka mpaka nikashangaa. Kumi na tisa kati ya ishirini na tano! Mbeya wametushinda kwa sahani moja. Msiniulize ni ipi.

Kisha Rukia akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya gari. "Vua koti."

Nikavua. Akakagua bega kwa vidole, hapa, pale, kwenye mtulinga.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana kabisa."

Akanirudishia koti. Halafu mdomo ukamcheza, nikajua nimepona.

"Bunduki haiendi polisi," akasema. "Ila risasi tutakwenda kununua wote, na bei nitauliza mimi. Wewe utasimama mlangoni."

Nilimkumbatia mwanangu na tope langu lote. Nimeshukuru Mungu mpaka sasa hivi nashukuru.

Sasa nawaomba kitu kimoja. Kucheka chekeni, siwezi kuwazuia. Lakini msinitumie vichekesho kwa leo. Nikicheka bega linauma, na Rukia amekaa hapa hapa sebuleni.