Mafuta ya Mbegu, Msasa na Mama Mkwe

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Afya na Urembo.

YAH: HASARA ILIYOLETWA NA MAFUTA YA MBEGU KATIKA NYUMBA YA MTU ALIYEKUWA NA AMANI ZAKE

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utatafuta kiti.

Mimi ni fundi baiskeli. Karakana yangu iko chini ya ngazi za jengo la ghorofa, ubavuni mwa kinyozi, na watu huniita Fundi Cheni. Shule tuliachana mapema, tukaachana kwa heshima, hakuna aliyemdai mwenzake. Lakini dunia nimeitembea. Nimekuwa utingo wa lori la masafa marefu, nimelala katika miji ambayo ninyi mnaiona kwenye ramani tu, na nimewahi kula hotelini ambako kitambaa cha kufutia mdomo kilikunjwa kama bata, nikaona haya kumsumbua, nikajifutia mkono. Nasema haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi.

Toleo lililopita mlichapisha makala yenye kichwa "Mbegu Ndogo, Mng'ao Mkubwa". Mkasema kwamba mafuta ya mbegu za alizeti, ufuta, maboga na hata zabibu yana vizuiaoksidi. Neno hilo nililisoma kwa awamu mbili, katikati nikapumzika. Mkaeleza kuwa hewa hii hii tunayoivuta hugeuka ikaishambulia ngozi, ikaizeesha, kama inavyoyachachusha mafuta yaliyoachwa bila kifuniko, na kwamba hivyo vizuiaoksidi ndivyo vinavyosimama mlangoni kuizuia. Mkamalizia kwa sentensi moja tamu: "Usiipake ngozi yako kitu usichoweza kukila."

Ndugu Mhariri, sentensi hiyo imenivunjia nyumba. Ninavyoandika sasa, mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kwa furaha zake zote, amebeba begi lake na kuhamia kwa shemeji yangu, mtaa wa nyuma. Mke wangu hasemi nami ila kupitia kwa paka. "Paka, mwambie baba chai ipo mezani." "Paka, muulize baba kama mlango kaufunga." Na paka mwenyewe amejiona mkubwa siku hizi, anaingia chumbani bila hodi.

Malalamiko yangu ni haya, nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Kuhusu yai langu. Jikoni kwetu kulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, imekaa karibu na jiko, inajua kazi yake. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu wa kupindua nguo ndani nje aone mshono. Akaipindua na sentensi yenu: kama usichoweza kukila usijipake, basi unachokula jipake. Kesho yake chupa ikahamia chumbani, juu ya meza ya kioo, ikakaa kati ya kitana na hereni kama mgeni rasmi. Mimi yai langu la asubuhi likakaangwa kwa maji. Nikueleze kitaalamu: yai la kukaangwa kwa maji halikaangiki, linaoga. Nilipouliza, nikajibiwa, "Baba, unataka mke anayeng'aa au yai linalong'aa?" Mimi nimetembea, nayajua maswali yasiyojibiwa. Nikanywa chai.

2. Kuhusu yai langu la pili. Kupindua hata mimi najua. Nikajiuliza: kama cha kula kinapakwa, cha kupakwa nacho si kinaliwa? Kwenye ile meza ya kioo kulikuwa na kichupa cha mafuta ya mbegu za maboga, zawadi ya mama mkwe kwa binti yake, kina mpira wa kudondoshea matone na kimetiwa harufu ya waridi. Nikakichukua, nikakaanga. Yai likatoka na rangi ya kiwavi na harufu ya chumba cha bibi harusi. Nililila lote, mimi chakula situpi. Lakini nilipofika kazini kinyozi alitoa kichwa nje ya mlango wake akasema, "Fundi, leo tunamwoza nani?" Mteja aliyeniletea baiskeli ya kurekebisha breki akanipa hongera. Nikicheua, karakana nzima inakuwa bustani. Kinyozi akaomba nicheue upande wake, eti kwake kuna wateja wa heshima.

Hapa kosa ni la nani? Ni lenu. Lugha yetu hii imeyafanya mafuta yote ndugu wa tumbo moja. Dereva akisema mafuta, mpishi akisema mafuta, anayeosha cheni kwa mafuta ya taa akisema mafuta, bibi harusi akisema mafuta, wote wanaitikiwa. Ninyi wenye gazeti ndio mlipaswa kusema wazi: haya ni ya kikaangio, haya ni ya shavu, na haya ya waridi fundi asiyaguse.

3. Kuhusu kutu. Hili limeniuma kikazi. Nimeirudia makala yenu nikaielewa vizuri: hewa inashambulia kitu, kitu kinachakaa, mafuta yanakinga. Ndugu Mhariri, hiyo ni kutu! Mmezunguka kote huko, mmeita wataalamu wa makoti meupe, mmeandika neno refu kama foleni, kumbe mnazungumzia kutu! Kutu mimi naijua kwa sura. Nimepigana nayo kwenye rimu, kwenye usukani, kwenye cheni iliyolala nje masika nzima, na sijawahi kushindwa, muulize yeyote. Je, kuna mwandishi wenu aliyekuja chini ya ngazi kuniuliza? Hakuna. Mngekuja ningewaambia siri ya kwanza ya kazi: mafuta hayapakwi juu ya kutu. Kwanza unapiga msasa, karatasi ile ya mchanga, unasugua mpaka chuma kionekane. Ndipo unapaka mafuta. Makala yenu nzima haina msasa. Mmewaambia watu wapake tu, na pengo hilo mliloliacha ndilo nililotumbukia.

4. Kuhusu mama mkwe. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mke wangu anashona vifungo, mimi nasimulia habari za safari zangu. Mama mkwe alikuwa amejipaka alizeti mpaka taa ya darini ikawa inajiona usoni mwake. Akanigeukia kwa roho safi kabisa, akaniuliza, "Eti mkwe wangu, wewe mtu wa mafuta, unaonaje? Yanafanya kazi?"

Nimeulizwa kama fundi, nikajibu kama fundi. Nikasema, "Mama, mafuta ni mazuri sana. Ila kwa hapo ulipofikia, kwanza inabidi upigwe msasa."

Nikasikia friji. Mke wangu akaichomeka sindano kwenye mto wa kiti. Mama mkwe akasema polepole, "Msasa?"

Mimi nikadhani anataka maelezo zaidi. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Tunaanza na ule wa mchanga mkubwa."

Aliinuka, akakunja nguo zake moja moja, akafunga zipu ya begi, na ile zipu mpaka leo naisikia. Mlangoni akaniaga kwa adabu zote, na adabu za mama mkwe aliyekasirika hazivumiliki, bora angenirushia kiatu.

5. Kuhusu neno lenyewe. Hapa ndipo nilipowashika, na hamchomoki. Mimi magazeti yenu nafungia spana, kwa hiyo nayasoma yote hata yaliyopita. Mliandika: "Madiwani Wapigwa Msasa". Mkaandika: "Walimu Wakuu Wapigwa Msasa". Mkaandika: "Waamuzi wa Soka Wapigwa Msasa", na picha juu, wamekaa ukumbini, wana chupa za maji, wanatabasamu. Nauliza: kuna diwani aliyebeba begi akahamia kwa shemeji? Walifundishwa, wakanolewa, wakala chakula cha mchana, wakarudi makwao. Sasa kama kupigwa msasa ni heshima kwa diwani, kwa mama mkwe kunageukaje tusi? Ama ninyi mmewatukana viongozi wetu miaka yote hii wakizitabasamia kamera, ama mama mkwe amepewa heshima kubwa naye hajui. Moja kati ya hayo mawili lazima likanushwe, na mwenye kukanusha si mimi. Mimi sina gazeti.

6. Kuhusu mimi mwenyewe. Hili sikutaka kuliandika, basi nitaandika haraka. Nilipokwenda kuposa nilikwenda na mikono hii hii, nyeusi mpaka kwenye kucha, sabuni ilishakata tamaa. Wajomba walinipungia kwa mbali. Mama huyu ndiye aliyenipa mkono, akaushika sawasawa, wala hakujifuta baadaye, nilimchungulia. Na katika nyumba nzima ndiye peke yake anayecheka kile kisa changu cha bata wa kitambaa kila ninapokisimulia, kana kwamba ni kipya. Mke wangu siku hizi hukimalizia kabla sijafika kwenye bata. Sasa jioni nasimulia, na anayenisikiliza ni paka, naye anajilamba.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Gazeti lako limwombe radhi mama mkwe wangu kwa niaba yangu, ukurasa wa mbele, kwa picha isiyopungua ile ya madiwani, na kichwa cha habari kiwe: "Mama Mkwe wa Fundi Naye Apigwa Msasa". Akijiona yuko sawa na waheshimiwa, najua atarudi. Pia itangazwe kuwa ngozi si kinywa, haina meno, haina njaa, na haina haki ya kuhesabiwa katika matumizi ya jikoni. Kila chupa ya mafuta ichorwe yai au ichorwe uso, isiwe na vyote viwili. Na ikishindikana hayo yote, basi mbegu ziache kukamuliwa kabisa. Alizeti irudi shambani igeukie jua lake, boga litunze mbegu zake lenyewe, zabibu ziliwe na wenye meno ya kuvumilia kokwa. Hewa nayo iachwe itushambulie kwa usawa, wake kwa waume, wakwe kwa wakwe, tuchakae pamoja kwa amani. Sioni ubaya. Baiskeli yangu mwenyewe ina kutu na inafika.

Mwandishi wa makala ile aletwe chini ya ngazi, nitamfundisha bure. Nitampiga msasa.

Nisalimie wote hapo ofisini: mpiga chapa, mlinzi wa getini, yule anayechora vibonzo (mwambie kile cha mwezi uliopita nimekielewa jana), na mama anayewapikia chai. Mwandishi wa makala msalimie pia, ila yeye mpe nusu tu.

Wako katika ujenzi wa baiskeli na ubomokaji wa nyumba,

FUNDI CHENI
(Chini ya ngazi. Usiulizie kwa kinyozi, atakupotosha makusudi.)

N.B. Ndugu Mhariri, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena. Mama mkwe alikuja karakana. Nilimwona tangu kwenye kona, nikashika pampu, si kwa ubaya, ni kuwa na kitu mkononi. Akasimama mbele yangu akasema, "Mkwe, lete huo msasa wako." Nikajua leo nasuguliwa mimi. Akavuta kigoda, akakaa, akavua kiatu, akaweka kisigino juu ya tairi bovu, akaniambia, "Huko kwa shemeji yako nimepaka hayo mafuta kisiginoni mpaka nimechoka, yanateleza tu juu. Nimelala nikifikiria maneno yako. Tuanze na ule wa mchanga mkubwa."

Nikampa msasa mpya, akasugua mwenyewe, mimi nikatazama ukutani kwa heshima. Akamaliza na ule laini, kisha akapaka alizeti. Ndugu Mhariri, kisigino kile ungekiweka kwenye baiskeli kama taa ya mbele. Kinyozi ametoka nje kukiona. Mke wa shemeji ameagiza karatasi yake.

Begi limerudi nyumbani. Na usiku wa kuamkia leo mama mkwe aliitazama mikono yangu, jinsi mafuta ya taa yalivyoipasua, akamwambia binti yake, "Hii nayo ni ngozi, au ninyi mnaionaje?" Mke wangu akaleta ile chupa ya mezani, akaimimina yote iliyobaki, bila kuuliza yai litakaangwa na nini. Akaniambia mimi mwenyewe, ana kwa ana, "Fungua vidole, baba." Nikafungua. Nikasimulia habari za bata. Mama akacheka.

Kwa hiyo malalamiko ya kwanza hadi ya sita yafute. Yai la leo limechemshwa, sijasema kitu. Mwandishi wa makala mmalizie ile nusu ya salamu. Kama mwandiko wa hapa chini umekwenda kombo, niwie radhi, ni kwamba mikono imelainika, kalamu inateleza.

Paka hana kazi tena.