Matundu Arobaini na Nane

Jumatatu, 9 Juni

Simu za mezani zimefika! Makasha kwa makasha, zinanukia upya. Mkurugenzi katuita mafundi wa mtandao, mimi na mwenzangu tunayemwita Lebo. Hakuna kitu dada huyu asichokibandika karatasi, hata kikombe chake. Ghorofa ya kwanza kapewa yeye, ya pili mimi. Atakayefanya vizuri zaidi kufikia Ijumaa ndiye mkuu wa kitengo. Mkuu!

Nimempigia mama mkwe palepale, nikamwambia cheo nimeshapewa. Miaka tisa ananiita “yule wa nyaya”. Leo kaniita baba. Mke wangu kasema aisifuye mvua imemnyea, na mimi hata wingu sijaliona. Wivu tu.

Jumanne, 10 Juni

Kazi yenyewe si ngumu. Kabatini kuna swichi, boksi lenye matundu arobaini na nane. Kila dawati lina waya wake kutoka humo. Waya unaingia kwenye simu, kompyuta inachomekwa nyuma ya simu. Basi kila tundu lazima lipangiwe njia mbili, moja ya sauti, moja ya data. Lebo anapanga tundu moja, anapiga simu kujaribu, anaandika daftarini, ndipo aende la pili. Kobe! Mimi nimeyapanga yote arobaini na nane kwa mkupuo, kwa amri moja ya kompyuta.

Kumbe la mwisho ndilo linaloiunganisha ghorofa nzima na dunia. Lo! Mtandao ukakata kwa kila mtu. Nikatangaza ni matengenezo yaliyopangwa. Mhasibu akauliza yamepangwa na nani. Nikajifungia kabatini pamoja na mafagio, nikachomoa nyaya zote, nikalirekebisha lile la mwisho, kisha nyingine nikazirudisha zilivyonijia mkononi. Mpangilio wa nini, wakati matundu mengine yote yamepangwa namna moja? Saa nane mchana simu zinalia, kompyuta zinafungua. Mwanaume ni mimi.

Jumatano, 11 Juni

Lebo kamaliza ghorofa yake. Bila lalamiko hata moja! Lazima afanyiwe jambo. Dawati lake liko ghorofa yangu, tundu la kumi na saba. Asubuhi nimezima njia ya data ya tundu hilo. Simu yake itaita, kompyuta itakufa, atahangaika mbele za watu, nami nitaingia kumwokoa.

Nimepita dawatini kwake mara sita. Anachapa kazi, anatabasamu. Mara ya sita kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Mkurugenzi hana mtandao! Umekatika tangu jana, ila yeye alikuwa safarini. Na saa nne ana kikao cha video na wakubwa wake. Simu yake inafanya kazi vizuri sana, maana ndiyo aliyonipigia akifoka. Nimebadilisha waya, kipanya, hata kiti. Jasho! Nikamwapia kwamba hii ni fitina ya watu.

Lebo kaja na tochi, akaufuata waya kwa kidole mpaka kabatini. Tundu la kumi na saba. Nyaya zile nilizozirudisha ovyo! Na swichi hutunza kila amri na jina la aliyeitoa. Akasoma. Akanitazama. Akamwambia mkurugenzi kulikuwa na hitilafu ndogo, imeisha. Kazi yote dakika nne tu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa, 13 Juni

Mkuu wa kitengo ni Lebo. Nimepiga makofi mpaka viganja vimewaka.

Baadaye kaniita pembeni. Nikajiandaa kutukanwa. Wapi! Kasema mikono yangu ni mizuri, ila nikiharibu niseme, na nisimdanganye mtu ili nionekane mkubwa. Nimemwahidi, na nimeahidi kwa moyo wote. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe kaja kunipongeza, na majirani zake wawili. Nilikusudia kusema ukweli. Mdomo ulishafunguka kabisa. Ndipo akawaambia majirani: huyu ndiye mwanangu, mkuu. Mwanangu! Miaka tisa nasubiri neno hilo. Ningefanyaje jamani? Nikasema ukuu wa kitengo nimemwachia mwenzangu, kilikuwa cheo kidogo. Mimi naandaliwa unaibu mkurugenzi.

Mke wangu akaenda jikoni, nikasikia sufuria zikigongana. Mama mkwe karibu alie kwa furaha. Kasema kesho saa tatu atampigia mkurugenzi mwenyewe amshukuru, na akaomba namba. Nimempa ya simu ya mezani kwangu kazini.

Wageni walipoondoka nikaingia bafuni kufanya mazoezi ya sauti nzito. Mke wangu kagonga mlango, anauliza kama naumwa. Nimemjibu kwa sauti ileile kwamba mkurugenzi hajambo, na anamsifu sana mume wake. Moyo wangu mweupe kabisa.