Mwisho Uliofungiwa Ugoro

Jumatatu, 1 Julai 1974

Baridi kali. Ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Sanduku la vitabu vya kijiji liko chini ya kitanda changu na ufunguo uko shingoni mwangu. Ndiyo faida ya kuwa Katibu wa Kikundi cha Wasomaji! Paskali seremala, kwa kuwa ndiye aliyelitengeneza, anapita kila siku kuuliza kama bawaba zinafunga vizuri. Bawaba ni kisingizio tu. Anautamani ukatibu.

Riwaya tunayosoma ni moja, na nakala ni moja. Kwa hiyo kila Jumatano mtu mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza, kisha tunatoa maoni. Inamhusu mjane aitwaye Mwanaidi, wa nchi ya joto huko tambarare. Sura ya kwanza ina karani mmoja, Sefu, kijana nadhifu sana. Nilimpenda mara moja. Sura nyingine sikuzifuatilia, maana katibu huandika mahudhurio.

Jambo lenyewe ni Secilia. Ni mjane mwaka wa nne sasa. Mimi nampenda mwaka wa pili, na bado sijamwambia. Subira huvuta heri. Jana sokoni alisema mbele ya watu kwamba Mwanaidi amekuwa kama dada yake, na atakachoamua mwishoni, yeye atakitafakari sana.

Jumanne, 2 Julai

Nimefungua sanduku na kusoma mwisho. Balaa! Mwanaidi anamkataa mwanamume aliyemposa! Anafunga mlango, anachukua jembe, anakwenda shambani akiimba. Secilia akisikia hayo nimekwisha. Nimeshindwa hata kula bada, ugali wetu wa muhogo.

Jumatano, 3 Julai

Mkutano. Mzee Nikodemo, mzee wa kanisa, alisimama kulalamikia ukurasa ambapo Mwanaidi anaoga mtoni. Alisema ni sumu kwa vijana. Alisema ameusoma mara nne ili awe na hakika. Mwanahawa, mama mmoja wa kikundi, akamwuliza kwa adabu zote, baada ya shikamoo, kama hakika haikupatikana mara ya kwanza.

Wengine walizozana. Mimi nikaona njia. Nikasema Katibu atakichukua kitabu akikague kwa ajili ya maadili. Mzee Nikodemo akanishika mkono kwa shukrani.

Kisha ikasomwa sura ya tisa. Wanawake walilia, na Paskali akatoa leso. Sijui kilitokea nini. Nilikuwa napiga mistari ya mahudhurio, na mmoja ulikuwa umepinda.

Ijumaa, 5 Julai

Kazi imekwisha! Nimekata kurasa nane za mwisho kwa wembe. Nimeandika zangu nane kwa mkono, na kuzibandika kwa uji wa muhogo. Juu nimeandika: Zimenakiliwa na Katibu kwa sababu za awali zimeota kuvu. Ndani yake Mwanaidi anaolewa na Sefu karani, na wanaishi kwa raha mustarehe. Nililia kidogo mwenyewe.

Kurasa za kweli sikuzichoma, maana mali ya kijiji haichomwi. Nimezificha katika kikapu cha mama cha ugoro wa kuuza, chini ya magazeti ya zamani. Mama hajui kusoma. Mahali salama kuliko hapo hakuna.

Ukurasa wa mtoni nimeusahau. Bado upo.

Jumapili, 7 Julai

Ugoro wa mama unakwenda vizuri ajabu. Baada ya ibada watu walipanga foleni kibarazani kwetu. Mwanahawa alinunua vifurushi viwili, naye sijamwona akinusa ugoro maisha yake yote. Mzee Nikodemo alifungua chake papo hapo, akakisogeza karibu na macho, akapiga chafya, akakisogeza tena. Alimwuliza mama kama anacho kinachofuata. Mama akamwambia ugoro wote ni mmoja.

Nimefurahi kwa ajili yake. Uzeeni mtu anahitaji wateja.

Jumatano, 10 Julai

Siku mbaya!

Zamu ya kusoma ilikuwa ya Secilia. Amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka huu, na anasoma kwa kufuata mstari kwa kidole, bila haraka. Akafika kwenye mwandiko wangu. Akasoma kwamba Sefu alikohoa kidogo, akamshika Mwanaidi mkono.

Mwanahawa akauliza ni Sefu yupi huyo. Nikamjibu kwamba ni Sefu karani, kwani kuna mwingine? Mzee Nikodemo akasema Sefu karani aliumwa na nyoka sura ya tisa, akafa, akazikwa, na kijiji kizima kilimlilia Jumatano iliyopita. Akaongeza kwamba yeye amezika watu wengi tangu awe mzee wa kanisa, na hajaona hata mmoja aliyerudi kuoa.

Kumbe ndicho walichokuwa wakikililia!

Nikasema tuendelee. Ingekuwa heri tusingeendelea. Secilia akasoma kwamba asubuhi ya harusi Mwanaidi alivaa sweta mbili kwa sababu ya ukungu, akaenda kuangalia kabichi zake. Paskali akanyoosha mkono. Akauliza kwa upole, upole wake ule wa kuudhi, kabichi zimestawije mahali ambapo mvua haijanyesha miaka miwili na watu wanalala nje kwa joto.

Hapo Mwanahawa akafungua pindo la kanga yake, akatoa vipande viwili vya karatasi vilivyokunjwa. Mzee Nikodemo akatoa kimoja ndani ya Biblia. Kila mtu akatoa chake. Wakavipanga mezani kama wanaopanga vigae, na chumba kizima kikanuka ugoro. Mama! Amevifungia ugoro vyote!

Secilia akasoma mwisho wa kweli huku watu wakipiga chafya. Kisha maoni. Mzee Nikodemo akasema mwisho huo utawaharibu wanawake. Mwanahawa akasema ndio mwisho bora aliowahi kusikia, na kama mzee anaona umeharibika, aurudishe ukurasa wa mtoni alioazima kitabuni kabla hatujaanza kusoma. Paskali akasema yule mwanamume alikosea kumwendea mjomba kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Secilia akasema Mwanaidi hakukataa kuolewa. Alimkataa mtu aliyezunguka miaka mitatu, akatuma huyu na yule, asithubutu hata siku moja kuketi mbele yake na kusema neno lake. Akasema angekuja na kuuliza, angejibiwa. Aliyasema hayo akinitazama mimi. Nadhani alitaka kujua kama nimemwandika kwenye mahudhurio. Nikamwonyesha kwa kichwa kwamba nimemwandika.

Alhamisi, 11 Julai

Jana, nilipokwisha kuondoka, Mzee Nikodemo alitaka ukatibu apewe Paskali. Secilia ndiye aliyenitetea! Mwanahawa amenieleza yote. Eti Secilia aliuliza ni mwanamume gani mwingine hapa kijijini aliyewahi kuandika kurasa nane kwa ajili ya mjane, hata kama zina kabichi. Watu walicheka, ukatibu ukabaki kwangu.

Jioni Secilia alipita kwetu. Akasema Jumamosi atakuwa nyumbani peke yake tangu asubuhi akipukuchua maharage, na mwenye neno la kusema atamkuta. Akarudia mara mbili. Nikampongeza kwa mavuno. Alisimama kidogo, akaaga.

Maharage yamestawi kweli mwaka huu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepata wazo! Kilichomfurahisha Secilia ni uandishi wangu. Basi nitaandika riwaya nzima, ya mjane wa milimani na katibu mmoja mpole. Safari hii kabichi zitakuwa mahali pake. Ikisomwa kikundini, mwisho wake atausikia mwenyewe, na sitahitaji kusema neno. Ifikapo Krismasi itakuwa tayari. Subira huvuta heri.

Asubuhi Paskali alipita, amevaa shati safi, amebeba kigoda kipya. Aliniuliza kama leo nakwenda kwa Secilia, maana hapendi kunitangulia. Muungwana, lazima nikiri. Nikamwambia mimi nina kazi nyingi, aende tu, anisalimie, akae hata kutwa nzima ili mama wa watu asichoke na upweke. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kabisa.

Nimefika sura ya pili. Kulikuwa na seremala humo, lakini nimemfuta. Hana kazi yoyote katika hadithi hii.