Baraza la Mawaziri Juu ya Kitanda Changu

Kianda, Kibera
28 Machi

Ndugu Mhariri,

Natumai u mzima, na paa lako pia. Mimi ni mpangaji wa chumba cha saba katika ploti ya Mzee Murjan. Tarehe 3 mwezi huu tulimwomba mabati mawili, kwa kuwa mvua inanyeshea kitanda changu. Badala ya mabati, Mzee alituundia serikali.

Enzi za mkoloni babu yake alikuwa askari mlangoni mwa baraza la mawaziri la Gavana, na Mzee anashikilia kwamba hakujawahi kuwa na utaratibu kama ule. Babu hakuingia ndani hata siku moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gavana ni Mzee mwenyewe. Aliteua mawaziri kabla chai haijapoa: mkewe Mama Mabrouka, Fedha na Maji; mpwa wake Yasin, Usalama, yaani lango; na mwanawe Anwar, Paa. Anwar anaishi Nyayo Highrise, ghorofa ya tatu. Juu yake kuna watu, si mvua.

2. Sisi wapangaji wote tulipewa waziri mmoja, asiye na wizara maalum. Ndiye mimi. Kura haikupigwa, nilionekana mtulivu.

3. Mawaziri hushauri, Gavana huamua. Tarehe 19 sote tulikubaliana paa litengenezwe, hata Anwar. Gavana alitushukuru kwa ushauri mzuri, akaukataa.

4. Niliposema godoro limeloa, Mama Mabrouka alinijibu mbele ya baraza zima, lililoketi juu ya kitanda changu: "Si uweke sufuria, baba, kikao kinaendelea!" Niliweka. Ikajaa. Yasin akaimwaga, na hilo likatangazwa kuwa tendo la kwanza la serikali.

5. Kwa hiyo naomba chumba cha saba kipewe madaraka ya ndani mwezi Aprili, na uhuru kamili kabla ya mvua za vuli. Bendera si shida. Shuka ninayo, tayari inaning'inia.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa wanaolala pakavu.

Wako katika utumishi na unyevunyevu,
Timothy Kavoi
Waziri Asiye na Wizara Maalum

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, Anwar amejiuzulu, nami nimeteuliwa Waziri wa Paa. Nimehamishiwa chumba cha pili, kilichokuwa cha Bi. Wangoi; yeye amepewa cha saba. Nimekagua paa lote nikiwa kitandani: halivuji. Bi. Wangoi anadai vinginevyo. Nimemwambia aniandikie, baraza litakaa. Tafadhali chapisha salamu tu. Na ile sufuria Bi. Wangoi airudishe; ni mali ya wizara.