Maji Yakakatika Kweli

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi wa ghorofa ya juu amenivunjia heshima mbele ya jengo zima! Nilituma kwenye kundi la wapangaji kwamba maganda ya tikiti huotesha nywele. Akauliza chanzo ni kipi, na mbona upara wangu bado unang'aa. Chanzo! Mimi fundi simu, nazifungua naziona mpaka utumbo, leo simu inidanganye mimi? Eti kwa kuwa yeye ndiye admini, nikikosea tena ananitoa. Mke wangu alicheka. Nimeapa: uadmini lazima uhame ghorofa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata! Tangazo: maji yatakatika kesho, wiki nzima. Lina muhuri. Herufi kubwa tupu. Binamu yangu kaletewa na mtu asiyemjua kabisa, kwa hiyo hana sababu ya kumdanganya. Nikalituma. Mkutubi akasema tarehe yake ni ya miaka mitatu iliyopita, na idara ya maji yenyewe haijatangaza chochote. Nikamjibu lisemwalo lipo, kama halipo laja. Akasema methali si chanzo, na kesho jioni, maji yakiwa bado yapo, ananitoa kundini. Wapangaji wote wakakubali kwamba ana hoja. Halafu, kimyakimya, wakaenda kufungulia mabomba. Ndoo, sufuria, mabeseni. Mshonaji wa chini kajaza mpaka buti za mumewe.

Jumatano, 5 Machi
MAJI YAMEKATIKA! Tangi la paani kavu kabisa, maana jana jengo zima lilikinga kwa pamoja. Mkutubi, ambaye hakujaza hata kikombe, kashuka na povu kichwani kuomba kopo moja. Akaeleza, povu likimwingia machoni, kwamba maji hayakukatwa, tumeyamaliza wenyewe. Nikamuuliza bombani yapo? Akasema hayapo. Basi! Kura zimepigwa kwenye ngazi. Admini ni mimi. Nimefurahi mpaka machozi.

Ijumaa, 7 Machi
Mimi si mkaidi. Ushauri alionipa Mkutubi jana nimeuchukua: habari lazima ithibitishwe na zaidi ya mtu mmoja. Asubuhi, kunogesha ushindi, nilitunga kwamba mwenye nyumba atamzawadia televisheni mpya mpangaji aliyelionya jengo. Jioni habari hiyohiyo imenifikia kutoka kwa mshonaji, kwa mlinzi wa geti, na kwa mama mkwe, ambaye hata katika mji huu haishi! Watu watatu! Nimeshambebea Mkutubi televisheni yetu ya zamani, zawadi ya mshindi kwa mshindwa. Mke wangu amekaa anautazama ukuta mtupu. Nimemwambia aupime.