Kuhusu Siku Saba Mlizompa Fundi Friji

Kwa Ndugu Watengenezaji wa Programu ya Vifurushi vya JavaScript,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kompyuta zenu pia. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siwalaumu kwalo. Ni fundi cherehani, mjane, mama wa mtoto mmoja. Nyinyi hamnijui, lakini mmeingia nyumbani kwangu mkavuruga uchumba, kwa hiyo naona tumeshafahamiana.

Mtoto huyo ni binti yangu. Anaandika programu za kompyuta katika chumba kilekile ninachoshonea, yeye upande wa dirishani, mimi mlangoni. Amenieleza kazi yenu kwa lugha yangu: fundi hatengenezi zipu mwenyewe, anachukua zipu iliyotengenezwa na mwingine na kuishona kwenye gauni. Waandika programu nao huchukua vipande vilivyoandikwa na watu wengine, wanaviita vifurushi, na programu yenu ndiyo inayotumwa kwenda kuvileta. Kazi nzuri, Mungu awabariki. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni lile toleo jipya mlilotoa mwezi uliopita. Binti yangu aliisoma kwa sauti taarifa yenu ya kurekebisha kasoro na kuimarisha usalama, anashangilia kama mtu aliyejaliwa mapacha, akaichapa na kuibandika kwenye mlango wa friji. Na friji hiyo ndiyo iliyotuletea mchumba. Fundi friji alikuja kuitengeneza mara tatu, na mara mbili za mwisho haikuwa imeharibika. Sasa kila nikimuuliza binti habari zake, ananyoosha kidole kwenye karatasi yenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku saba. Mmeandika kwamba kifurushi kipya kisipokelewe mpaka kitimize siku saba tangu kitolewe, ili kama kina ubaya ujulikane kwanza kwa wengine. Fundi friji alimtamkia binti yangu nia yake Jumapili baada ya ibada, pale kwenye bomba la kunawia. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, si kwa kusikiliza, natafuta kivuli tu. Binti akamjibu, "Nakushukuru sana, ila ngoja utimize siku zako." Maskini wa Mungu akaondoka na begi lake la spana kama mtu aliyepangiwa tarehe hospitali. Jumapili ya pili siku zikatimia, nikamkumbusha binti. Akasema, "Mama, yule amehamia karakana nyingine. Hilo ni toleo jipya, siku zinaanza upya." Jumapili ya tatu alikuwa amenyoa ndevu. Zikaanza upya tena. Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, ya saba akapumzika. Hakuitumia kungoja malalamiko.

2. Kufanya kazi bila ruhusa. Mmezuia kifurushi kisianze kufanya lolote chenyewe mara tu kinapoingia. Fundi friji ni mtu wa bidii. Katika zile siku saba za mwanzo, siku ya tatu, alikuja kutusalimu. Hata hajakaa, akakaza bawaba za mlango, akatazama bomba la jikoni, akasogeza cherehani yangu ipate mwanga. Mimi namshukuru Mungu kwa sauti. Binti akasimama mbele yake: "Kaka, nani amekuruhusu?" Kisha binti akairudisha cherehani kwenye kiza kwa mikono yake mwenyewe, na mpaka leo natunga uzi kwa kupapasa.

3. Wanaofuatana. Mnasema kifurushi kikija na vingine vya kutoka pasipojulikana, hivyo vingine vizuiwe. Siku ya tano, maana subira ilimshinda, fundi friji alikuja na mjomba wake amwombee. Mjomba akaja na jirani yake, jirani akaja na mtu aliyesema yeye anamsindikiza tu jirani. Binti akatoka na kalamu. "Shikamooni. Kila mmoja aniambie kaletwa na nani." Yule wa mwisho alishindwa kujieleza, akabaki nje amekalia ndoo, nikampitishia chai dirishani. Aibu niliyoiona siku hiyo! Mimi nilimpokea marehemu baba yake binti bila kumuuliza anakuja na nani. Akaja na wadogo zake wanne. Watatu Mungu aliwafungulia njia wakaondoka. Wa nne, shemeji yangu, yuko chumba cha nyuma huu mwaka wa ishirini na sita, na hapa ninapoandika anauliza kama chakula tayari. Je, nimekufa? Sijafa.

4. Hili ndilo linaloniuma, naomba msilisome mbele ya watu wengi ofisini. Kati ya kasoro mlizorekebisha, mnasema toleo la zamani lilikuwa likiandika "imekamilika" wakati kazi bado inaendelea. Binti yangu ameyapigia mstari maneno hayo kwa wino mwekundu, na sidhani kama ni kwa ajili ya kompyuta. Mwaka juzi kulikuwa na mwalimu wa udereva. Alikuja nyumbani mara mbili, mimi nikatangaza kwenye umoja wa akina mama, tukaomba na maombi ya shukrani. Mwalimu akaingia mitini. Miezi minane akina mama wanamuuliza binti yangu, "Mwanangu, harusi lini?" mpaka akahamia ibada ya alfajiri, ile ya wazee, asikutane na mtu. Siku moja nilimwona akitoka ameshika viatu mkononi ili nisisikie. Nilijifanya nimelala. Kasoro hiyo nakiri ninayo, lakini nyinyi shughulikieni ya kwenye kompyuta, yangu mniachie mimi na Mungu wangu.

5. Kitambaa nimeshakata. Ni cha gauni la mama wa bibi harusi, rangi ya samawati, kwa vipimo vyangu vya sasa, na vipimo vyangu havina mazoea ya kungoja. Tena Jumapili iliyopita fundi friji hakuonekana kanisani kabisa. Nadhani amekata tamaa. Friji inaunguruma, nami nashindwa hata kuifungua bila kuiona karatasi yenu.

Kwa hiyo naomba mrudishe toleo la zamani. Kama haiwezekani, toeni toleo dogo la mafundi friji tu: mwanamume aliyevuka miaka thelathini, mwenye barua ya mchungaji, ahesabiwe ametimiza siku zake tangu alipozaliwa. Na kama hilo nalo ni zito, basi simamisheni usalama wote, dunia nzima, mpaka harusi ipite. Wezi wa mitandaoni nitawaombea nao wapumzike, nimeshawaweka kwenye mfungo wangu wa Ijumaa.

Wasalimieni wake zenu, waume zenu na wazazi wenu kama bado mnao. Yule anayeandika hizo taarifa mwambieni anaandika vizuri, ila apunguze ukali. Shemeji naye anawasalimu, akiwa amelala.

Ni mimi dada yenu katika imani, niliyebakiwa na subira kidogo,

Mama Mwenye Binti, Fundi Cherehani.

Nyongeza baada ya sahihi: Kwa kuwa sijui anwani yenu, ilibidi nimpe binti yangu aitume barua hii. Aliisoma amesimama, anacheka. Alipofika kwenye viatu mkononi, akakaa. Kisha akaniambia taratibu kwamba fundi friji alijibiwa ndiyo ile Jumapili ya pili, siku zake zilipotimia. Juzi hakuja kanisani kwa sababu alikwenda kumwarifu mama yake mzazi. Zile siku zilizokuwa zikianza upya hazikuwa zake. "Zilikuwa zako, Mama," akasema. "Nilitaka safari hii niifurahie mwenyewe kwanza, kabla haijatangazwa."

Nimelia kidogo, nimecheka sana, na cherehani imerudi kwenye mwanga. Basi toleo lenu ni zuri, msiguse hata herufi. Nami nimeahidi mbele za Mungu kutomwambia mtu kwa siku saba, nimeanza kuhesabu leo. Nimewaambia nyinyi tu, maana mko mbali. Mwenyekiti wa akina mama amepita hapa sasa hivi kupimwa gauni, akakiona kitambaa cha samawati, akauliza ni cha nani. Sikusema neno. Ila, ndugu zangu, niombeeni: nahofia nilinyamaza kwa furaha sana.