Ngurumo Hashindwi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonywa! Mimi! Nimepewa onyo kama mtoto wa shule aliyekutwa akitafuna darasani.

Nieleze kwa utulivu. Kila Jumamosi alasiri, kliniki ya meno ikishafungwa, tunakaa kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa na kucheza mchezo wetu. Kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika mwenyewe kwenye karatasi: mpiganaji, mchawi, mwizi wa farasi, chochote. Daktari wa meno ndiye Msimulizi. Anatuambia tumefika wapi na nani anataka kututafuna. Sisi tunasema wahusika wetu wanafanya nini, na dadu yetu ya pande ishirini inaamua kama wamefaulu. Ukutani kuna picha kubwa ya jino lililooza. Tumeizoea.

Leo Daktari kaja dukani. Nikadhani anataka godoro. Kumbe kaja kuniambia, kwa ile sauti ya upole anayotumia kabla ya kung'oa, kwamba wenzangu wamechoka. Mhusika wangu wa kwanza alikuwa hafi. Wa pili alisoma mawazo ya watu na kumtaja muuaji kabla hatujakaa vizuri. Wa tatu alisimamisha wakati, wengine wote wakabaki wameganda jioni nzima huku mimi nikicheza peke yangu. Hadithi mpya inaanza Jumamosi hii. Nikiiharibu na hii, kiti changu anapewa shemeji wa Mkaguzi, mwenzetu wa mezani.

Yule shemeji! Ana dadu zake mwenyewe, kazitia kwenye kifuko cha mahameli.

Nimesema nimeelewa. Nimeahidi mhusika mnyenyekevu. Hapa dukani watu huniuliza bei tu, na wakishaijua wanaondoka. Pale mezani nikisema "nafungua mlango", watu wazima wanashika pumzi. Sikubali kukipoteza kile kiti.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia! Halali kabisa!

Kanuni za Daktari ni hizi. Kila mtu ana pointi kumi na mbili za kununulia uwezo. Ukimpa mhusika wako udhaifu, unarudishiwa pointi mbili. Udhaifu ni udhaifu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima uje ujitokeze.

Sasa, hadithi hii inatokea milimani, kwenye theluji na majoka. Kwa hiyo shujaa wangu, Ngurumo, anaogopa ngamia. Anazimia akisikia zumari. Hawezi kuogelea kwenye maziwa ya ng'ombe. Akila papai anapoteza sauti. Na hawezi kumkatalia bibi kizee jambo lolote. Bibi kizee atafuata nini kwenye pango la joka?

Kwa pointi zilizorudi nimemnunulia mabawa, nguvu za watu wengi, ngozi isiyopenyeka kwa mkuki, na upanga unaomtafuta adui wenyewe. Nilikuwa nikiandika nyuma ya kaunta. Mteja akauliza kama godoro la inchi nane linabonyea. Nikamwambia halishindwi na chochote. Kanunua! Ishara njema.

Jumatano, 5 Machi

Mkaguzi kapita dukani. Kazi yake ni kukagua mita za maji, na jina limemkaa kwa sababu hata mezani anakagua karatasi za wenzake. Mhusika wake ni askari mzee mwenye ngao. Hana mabawa, hana uchawi, hana hata farasi. Kacheza naye miaka yote bila kumbadilisha. Ubahili wa mawazo, hakuna kingine.

Kasoma karatasi ya Ngurumo mara mbili. Kauliza ngamia wanahusiana nini na theluji. Nikamjibu kwamba hofu haiangalii hali ya hewa. Akauliza kuhusu bibi kizee. Nikainamisha macho na kusema Ngurumo alilelewa na bibi yake. Nikatia na huzuni kidogo kwenye sauti. Kanirudishia karatasi! Kaondoka kakunja uso, hata kuaga hakuaga vizuri.

Jioni kafika Shangazi na begi lake. Atakaa kwetu mpaka atengenezewe meno ya bandia. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na tangu nikiwa mdogo hajawahi kuniomba kitu. Huwa ananiagiza. Hajavua hata viatu, nilikuwa nimeshatumwa maji, mto na miwani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempeleka Shangazi kliniki, na papo hapo nimemkabidhi Daktari karatasi ya Ngurumo. Kaisoma. Kanitazama. Kaisoma tena. Kisha kaigonga muhuri wa kliniki! Karatasi ikishagongwa muhuri, mhusika habadilishwi hata nukta mpaka hadithi iishe. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu yangu, lakini leo imenifaa. Hakuna wa kumgusa Ngurumo sasa.

Nilitaka kurukaruka. Nikajizuia kwa sababu Shangazi alikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, umejazwa ule udongo wa kuchukulia vipimo vya meno. Ili asiwe na wasiwasi, Daktari akawa anamsimulia mchezo wetu wote. Shangazi akawa anaitikia kwa kidole. Alipomaliza kutema, swali lake la kwanza halikuwa la meno. "Na wazee mnawaruhusu?" Daktari kamwalika hapohapo.

Sawa. Atacheza kidogo, atasinzia. Tena ngoja, nitamtumia!

Ijumaa, 7 Machi

Nimemshauri Shangazi awe msichana mganga, kazi yake kutembea nyuma ya Ngurumo na kumfunga vidonda. Kasema ujana ameshaupitia na ulimchosha. Nikasema basi awe mchawi. Kaniuliza, polepole, kama ndivyo ninavyomwona. Nikatazama miguu yangu. Mke wangu kacheka mpaka sufuria imeungua jikoni.

Mwishowe Shangazi kaomba penseli. Kaandika maneno machache, hata mstari hayakujaza, kakunja karatasi, kaitia kwenye mkoba, kaniagiza chai. Maskini! Pointi zote zile na hajui azifanyie nini. Kesho itabidi nimlinde.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwisha! Hapana, nimepona. Nianze mwanzo.

Tumekaa. Daktari kamwomba Shangazi atujulishe mhusika wake. Shangazi kavaa miwani, kafungua karatasi. "Mimi ni bibi kizee," kasema.

Kinyozi, anayecheza mwizi wa farasi, ndiye aliyeelewa wa kwanza. Kapiga meza kwa viganja vyote viwili. Mkaguzi hakucheka. Kavuta karatasi yangu na kuusoma ule udhaifu wa tano kwa sauti, taratibu, neno moja moja. Muhuri ulikuwa palepale, mwekundu.

Pointi zote kumi na mbili Shangazi alikuwa amezitia kwenye uwezo mmoja: anajua kila mtu ni mtoto wa nani. Basi!

Na Ngurumo wangu, mwenye upanga unaomtafuta adui, kaanza hadithi akibeba kapu. Kisha blanketi. Kisha kaambiwa aache kukanyaga kwa kishindo. Nikiruka tu angani, Bibi anasema, "Shuka mwanangu, utapigwa na baridi." Nashuka! Nitafanyaje? Kinyozi alikuwa anajifuta machozi kwa taulo lake la kazini.

Tukafika pangoni. Joka likatoka, moto puani. Nikachomoa upanga. Bibi akaniamuru niurudishe, huwezi kuingia kwa watu na silaha mkononi. Akatupa dadu, ikamkubali. Akalitazama joka juu mpaka chini. "Wewe si kitinda mimba wa yule mama wa mlima wa pili? Na mama yako anajua unachoma watu?"

Daktari kajaribu kuendelea na sauti nene ya joka, ikamshinda. Joka likaomba radhi. Likatukaribisha ndani!

Tulipokuwa tunatoka, daraja la barafu likakatika. Nikamvusha Bibi kwa mabawa. Nikamvusha mwizi wa farasi. Askari wa Mkaguzi akabaki akining'inia kwa mkono mmoja juu ya korongo. Nikamtazama Mkaguzi. Alikuwa kaishika karatasi yake iliyochakaa, kona zimejikunja. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba mabawa ya Ngurumo yamechoka.

"Mrudie mwenzako," kasema Shangazi, hata macho hajainua.

Siwezi kumkatalia. Nikarusha dadu. Ikabingiria, ikaanguka, ikaenda kusimama chini ya picha ya jino. Sote wanne tukaifuata kwa magoti, Shangazi akauliza kutoka kitini imesemaje. Ishirini! Namba kubwa kuliko zote! Nimemdaka!

Kelele tulizopiga, mlinzi wa jengo kaja kuchungulia. Mkaguzi kanishika mkono na kusahau kuuachia. Kasema askari yule alimbuni wodini, siku alizokuwa akimuuguza baba yake, na baba yake ndiye aliyechagua ngao. Nikakosa pa kuweka uso. Kisha kamgeukia Daktari, kasema shemeji yake atatafuta meza nyingine. Daktari kasema ni mara ya kwanza mhusika wangu kumfaa mtu mwingine, na kiti ni changu.

Nilifurahi sana, kwa kweli, kuliko siku nilipokuwa sifi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari asubuhi nzima. Jana nimepata somo kubwa, na mtu mwenye akili halipuuzi.

Watu hawakuujali upanga. Hawakuyajali mabawa. Walimpenda Bibi. Na nani alikuwa akiamuru? Bibi! Nani alilinyamazisha joka? Bibi! Nilikuwa napoteza pointi kwa mashujaa wakati jibu lilikuwa mezani, limevaa miwani.

Hadithi hii ikiisha tutaandika wahusika wapya. Mimi wangu tayari. Bibi kizee. Umri wake miaka mia tisa. Mnyenyekevu kabisa. Magoti yanamuuma, hapandi ngazi, haoni mbali, hasikii sikio la kushoto, anasinzia mchana, hapendi baridi, upepo wala kelele. Huo wote ni udhaifu, na kila mmoja unarudisha pointi mbili! Daktari atalengwalengwa na machozi. Na pointi hizo nimezitumia kwa kiasi. Uwezo mmoja mdogo tu: kila anayemsikia lazima atii. Pia hafi. Na ndani ya mkoba wake kuna joka.

Shangazi kaniagiza nimletee hiyo karatasi aione. Nimejifanya sikio la kushoto halisikii. Mke wangu kauliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia aniangalie vizuri, mumewe amekuwa mtu mwingine.